Mtoto wa Desemba

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na safu yetu ya leo, chukua kalamu uandike majina ya watoto wa nyumbani mwako, na mbele ya kila jina uandike mwezi aliozaliwa. Mwaka usiushughulikie, mwezi tu watosha. Karatasi hiyo iweke kando, tutaihitaji baadaye. Kwanza twende Ulaya tukatazame kandanda ya vijana, maana huko ndiko jambo ninalotaka kulisema lilikojitokeza wazi. Na wewe ambaye kijana wako anashinda uwanjani kutwa nzima, akarejea magharibi na vumbi hadi kwenye nyusi, habari hizi zinakuhusu hata kama mpira wenyewe huupendi.

Shirikisho la Vyama vya Mpira vya Ulaya, UEFA, lina mashindano ya timu za taifa za wavulana wa chini ya miaka 17. Yalianza mwaka 1982, wakati huo yakiwa ya chini ya miaka 16, na Italia ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza baada ya kuifunga Ujerumani ya Magharibi bao 1 kwa bila. Tangu mwaka 2002 yanaitwa ya chini ya miaka 17. Siku hizi ni ya kila mwaka, isipokuwa mwaka 2020 na 2021 ambapo hayakufanyika kwa sababu ya maradhi ya korona. Nchi zipatazo hamsini huanza katika mchujo, na chache zinazosalia hukutana mwezi wa Mei katika nchi moja iliyochaguliwa kuwa mwenyeji. Huko mawakala wa klabu tajiri huwafuata vijana hao kama nyuki wafuatavyo maua.

Kanuni ya umri ni nyepesi kueleweka. Kwa mashindano ya mwaka 2004, kwa mfano, aliyeruhusiwa kucheza ni yule aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1987 au baada ya hapo. Aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 1986 alifungiwa mlango. Aliyezaliwa usiku uliofuata alikaribishwa ndani. Na miongoni mwa hao waliokaribishwa, mtoto wa Januari 1987 na mtoto wa Desemba 1987 walihesabiwa kuwa ni rika moja, ingawa wa kwanza alikuwa ameanza kutambaa na kushika ukuta wakati wa pili alipokuwa bado hajatoka tumboni mwa mama yake.

Mashindano hayo ya 2004 yalifanyika Ufaransa, na fainali ilichezwa katika mji wa Châteauroux. Wenyeji waliishinda Hispania mabao 2 kwa 1, na bao la ushindi lilifungwa na Samir Nasri. Wala Hispania haikuwa timu ya mzaha. Walikuwamo Cesc Fàbregas na Gerard Piqué, ambao miaka sita baadaye walikuwa mabingwa wa dunia. Wafaransa waliwapenda vijana wao mno, wakawapa jina ambalo hadi leo halijasahaulika: kizazi cha 87. Yalikuwapo majina yaliyotajwa kila mahali. Hatem Ben Arfa, aliyezaliwa mwezi wa Machi, alikwisha kuonyeshwa katika televisheni tangu alipokuwa mwanafunzi mdogo wa chuo cha mpira cha Clairefontaine. Jérémy Ménez alizaliwa Mei. Nasri mwenyewe alizaliwa Juni. Alikuwapo pia mvulana mmoja kutoka Lyon, ambaye wakati ule hakuwa wa kwanza kutajwa. Yeye alizaliwa tarehe 19 Desemba, siku kumi na mbili tu kabla mwaka haujakwisha. Jina lake Karim Benzema.

Nasri alipata kuwa bingwa wa Uingereza na Manchester City, mwaka 2012 na mwaka 2014, lakini katika timu ya taifa aliishia kwenye magomvi. Ben Arfa na Ménez walizunguka klabu nyingi, wakawa na siku zao za kustaajabisha na misimu yao ya kukatisha tamaa. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyepata kucheza fainali za Kombe la Dunia. Mtoto wa Desemba alikwenda Real Madrid mwaka 2009, akatwaa nao Kombe la Ulaya mara tano, na mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 34, alitunukiwa Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora. Hakukosa misukosuko yake. Kwa zaidi ya miaka mitano aliwekwa nje ya timu ya taifa kwa sababu ya kesi. Lakini hapa tunazungumza juu ya mpira, na katika mpira aliwapita wote.

Utasema kisa kimoja si ushahidi. Ni kweli. Basi tutazame ushahidi wenyewe, ambao haukuanzia kwenye mpira wa miguu, bali juu ya barafu.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi huko Kanada, Roger Barnsley, alikwenda na mkewe kutazama mchezo wa hoki ya barafuni ya vijana katika mji wa Lethbridge. Mume akawa anatazama mchezo. Mke akawa anasoma kijitabu cha majina ya wachezaji, na humo akaona kitu ambacho maelfu ya mashabiki walikuwa wamekishika mikononi bila kukiona: wengi mno walizaliwa Januari, Februari au Machi. Wakarudi nyumbani, wakazitafuta orodha nyingine, na hali ikawa ile ile. Mwaka 1985 Barnsley na wenzake walichapisha habari hizo. Naomba akina baba mlitie maanani jambo hili kwa heshima ya wake zenu, hasa mnapowaambia kwamba hawaelewi michezo.

Ulaya nayo ikachunguzwa. Huko Ubelgiji siku ya kuhesabia umri wa wachezaji vijana ilikuwa tarehe 1 Agosti, na timu za vijana zilijaa watoto waliozaliwa Agosti, Septemba na Oktoba. Mwaka 1997 siku hiyo ilihamishwa ikawa 1 Januari, kufuatana na agizo la shirikisho la dunia, FIFA. Werner Helsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven wakazipitia orodha za kabla na za baada. Wakakuta kwamba watoto wa Agosti walianza kupungua, na nafasi zao zikachukuliwa na watoto wa Januari, Februari na Machi. Damu ya watoto wa Ubelgiji haikubadilika kwa mwaka mmoja. Mama zao hawakubadilika wala chakula chao hakikubadilika. Kilichobadilika ni kalenda iliyotundikwa katika ofisi ya chama cha mpira.

Mwaka 2005 Helsen na wenzake walitoa uchunguzi mwingine, mpana zaidi, uliozihusu timu za taifa za vijana za nchi mbalimbali za Ulaya pamoja na mashindano ya UEFA yenyewe. Kama miezi yote ingekuwa na bahati sawa, miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ingetoa robo ya wachezaji. Ilitoa zaidi ya theluthi moja. Miezi mitatu ya mwisho ilitoa wachache mno. Sasa yafaa tujiulize: hivi Mungu ameamua kuwapa kipaji cha kandanda watoto wa Januari, akawanyima wa Desemba?

Sivyo. Mtazame mtoto wa miaka kumi. Mwenzake anayemzidi miezi kumi na moja amemzidi karibu sehemu ya kumi ya maisha yake yote. Amemzidi kimo, amemzidi pumzi, amemzidi hata uwezo wa kusikiliza maelekezo bila kuchezea majani ya uwanjani. Ongeza juu yake habari ya balehe, ambayo haifuati kalenda ya ofisi yoyote. Wavulana wawili wa miaka 13 waliozaliwa wiki moja waweza kutofautiana katika ukuaji wa mifupa kwa miaka minne au hata zaidi: mmoja sauti imekwisha kukatika na ndevu zinachungulia, mwingine bado ni mtoto anayebebwa na upepo. Kocha anasimama pembeni na filimbi yake. Anamwona mmoja anapiga mpira unafika golini, na mwingine anaupiga unafia njiani. Anaandika jina la yule wa kwanza, naye anaamini kabisa kwamba ameona kipaji.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa mazito. Aliyeandikwa anapata mazoezi mara nne kwa wiki badala ya mara moja. Anapata viatu, anapata kocha bora zaidi, anacheza na wenzake wazuri, anasafiri. Mwaka unaofuata ni kweli kabisa kwamba yeye ni hodari kuliko yule aliyeachwa, na kila mtu anasema, "Si tulisema!" Ilianza kama tofauti ya miezi michache, sasa imekuwa tofauti ya kweli ya ustadi. Naye aliyeachwa, akiwa na miaka kumi na miwili, anajifunza neno moja ambalo mtoto hasahau: hufai. Wengi wao huacha mchezo hapo hapo. Hatutayajua majina yao kamwe, kwa hiyo hatuwezi hata kuwahesabu.

Sisi huku tumezoea kuzungumzia umri wa vijana wa mpira kwa namna nyingine. Mwaka 2009 FIFA ilianza kutumia picha za kitaalamu za kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, ili kuona kama mifupa imekwisha kukomaa. Na mwaka 2019, mashindano ya Afrika ya rika hilo yalipofanyika Dar es Salaam, wakati Serengeti Boys wetu walipoishia kwenye makundi, Guinea walifika fainali, kisha wakanyang'anywa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia kwa kuwa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wao wawili hazikulingana na zile zilizoandikwa katika mashindano ya awali. Senegal ikaenda badala yao. Hayo tunayalaani, na tuna haki ya kuyalaani, maana kila kijeba anayeingizwa kwa hila anamtoa mtoto wa haki. Lakini katika orodha za Ulaya ninazozieleza vyeti ni vya kweli na tarehe ni za kweli. Hakuna aliyedanganya, na bado mtoto mmoja amebebwa na mwenzake ameangushwa. Udanganyifu waweza kukamatwa kwa picha ya mkono. Jambo hili halina wa kukamatwa.

Kwa nini makocha, watu wenye ujuzi wao, wasimsubiri yule mdogo akue? Jibu ni kombe. Kocha wa timu ya vijana anahukumiwa kwa mechi ya Jumapili hii, si kwa mchezaji atakayekuwa mzuri baada ya miaka kumi, tena katika klabu ya mtu mwingine. Wazee wa zamani waliiona hatari hiyo mapema. Mashindano ya kwanza ya vijana ya Ulaya, ambayo ndiyo kaka wa haya ninayoyaeleza, yalifanyika Uingereza mwaka 1948 chini ya FIFA, na wenyeji waliifunga Uholanzi 3 kwa 2 katika fainali. UEFA ilipoyapokea, mwaka 1955 na mwaka 1956 zilichezwa mechi za makundi tu. Hapakuwa na fainali, wala bingwa hakutangazwa. Vijana walikutana, wakacheza, wakarudi makwao. Kwa muda wa miaka miwili Ulaya ilithubutu kuwaambia watoto wake kwamba kucheza kunatosha. Mwaka 1957 fainali ikarudishwa, na tangu hapo haijaondoka.

Mahali tulipofikia sasa panaonekana vizuri katika kisa cha Chesterfield, Uingereza, Mei 2018. Ireland na Uholanzi zilikuwa zimetoka sare 1 kwa 1 katika robo fainali, zikaingia katika mikwaju ya penalti. Mlinda mlango wa Ireland, Jimmy Corcoran, aliuokoa mkwaju mmoja, wenzake wakaanza kushangilia. Mwamuzi akapuliza filimbi: kijana ameuacha mstari wa goli kabla mpira haujapigwa. Akaonyeshwa kadi ya njano, na kwa kuwa alikwisha kuwa nayo moja, ikafuata nyekundu. Sheria haikumruhusu mlinda mlango mwingine kuingia kutoka nje. Mchezaji wa kawaida akavaa glavu, mkwaju ukarudiwa, ukaingia, Ireland wakatolewa. Uholanzi waliendelea hadi wakatwaa kombe. Sheria ilifuatwa neno kwa neno, na vijana wa Ireland walilia pale uwanjani mbele ya kamera. Miaka miwili baadaye sheria yenyewe ikabadilishwa: kadi ya njano ya wakati wa mchezo haihesabiwi tena katika mikwaju ya penalti, na mlinda mlango anayeondoka mstarini huonywa kwanza. Yumkini wakubwa walihitaji kuwaona watoto wakilia ili wajue kwamba walikuwa wamekaza kamba kupita kiasi.

Basi kombe likiwa zito namna hiyo, kocha atamchagua nani? Atamchagua mwenye mabega.

Mwaka 2010 mashindano yalikuwa Liechtenstein, nchi ndogo ambayo jumla ya watu wake hawajai viwanja vikubwa vya mpira. Uingereza iliishinda Hispania 2 kwa 1 katika fainali. Aliyefunga bao la ushindi alikuwa Connor Wickham, kijana wa Machi 1993, mrefu na mwenye nguvu, ambaye magazeti ya kwao yalimtabiria makubwa. Wickham amecheza mpira wa kulipwa kwa miaka mingi, na hilo si jambo dogo; lakini jezi ya timu kubwa ya taifa hakuivaa. Katika rika lile lile alikuwako mvulana mwingine, wa Julai 1993. Kwao Uingereza mwaka wa shule huanza Septemba, kwa hiyo mtoto wa Julai shuleni na katika klabu za watoto ni kama mtoto wa Desemba kwingine: ni wa mwisho katika foleni. Huyo Arsenal walimwacha alipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Mwaka 2010 hakuwamo katika kikosi kilichokwenda Liechtenstein, kwa sababu ya kuugua. Ni Harry Kane. Tangu mwaka 2023 hakuna Mwingereza katika historia aliyeifungia timu ya taifa mabao mengi kama yeye.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba mtoto wa Januari hana kipaji, wala kwamba kila mtoto wa Desemba ni Benzema aliyefichika. Fàbregas ni wa Mei, Piqué ni wa Februari, na walifika kileleni. Kylian Mbappé alizaliwa tarehe 20 Desemba 1998, na mwaka 2016 aliisaidia Ufaransa kutwaa kombe la Ulaya la chini ya miaka 19 akiwa amechanganywa na vijana waliomzidi mwaka mzima. Wa namna hiyo hawazuiwi na kalenda. Na hata hapo, mchezaji bora wa mashindano hakuwa yeye. Aliyetajwa ni mwenzake Jean-Kévin Augustin, aliyefunga mabao 6. Miaka miwili baadaye Mbappé alikuwa bingwa wa dunia. Augustin hakupata kuichezea timu kubwa ya Ufaransa.

Nisemalo ni kwamba kikombe cha umri wa miaka 16 kinapima vitu viwili kwa mpigo, ustadi na ukuaji, wala hakituambii kipi ni kipi. Na wataalamu wameona jambo jingine la kufikirisha. Yule mdogo akistahimili asiache, aghalabu hunufaika. Hakuweza kumsukuma mwenzake, akalazimika kujua mpira utafika wapi kabla haujafika. Hakuweza kumpita kwa mbio, akajifunza kugusa mara moja na kutoa. Siku atakapoota mabega atakuwa na vyote viwili. Mwenzake aliyekuwa akishinda kwa kifua tangu utotoni siku hiyo hugundua kwamba wote wamekuwa na vifua.

Kuna waliojaribu kulitibu jambo hili. Ubelgiji, pamoja na timu zake za kawaida za vijana, imekuwa na timu za pili za taifa kwa ajili ya wanaochelewa kukua. Vijana hao huvaa jezi ya nchi, husafiri na kucheza mechi za kimataifa kama wenzao, ili wasikate tamaa kabla miili yao haijawafikia. Klabu za Uingereza nazo zimejaribu kupanga baadhi ya mechi kwa kiwango cha ukuaji badala ya mwaka wa kuzaliwa. Mapema ya kukua wa miaka 12 anawekwa na wakubwa zaidi, na kwa mara ya kwanza anakuta kwamba nguvu hazimtoshi, inambidi afikiri. Mchelewaji wa miaka 14 anawekwa na wa kimo chake, na kwa mara ya kwanza anaomba mpira bila woga. Nadhani huyo wa kwanza ndiye anayefaidika zaidi, ingawa wazazi wake ndio wanaolalamika kwanza.

Sasa ichukue ile karatasi yako.

Shule zetu hufunguliwa Januari, na darasa la kwanza lina kalenda yake kama ilivyo timu ya taifa. Mtoto wa Novemba au Desemba anayeketi na watoto wa mwaka wake yumo katika mechi ile ile tuliyoieleza. Mwenzake wa Januari amemzidi karibu mwaka mzima wa kuongea, wa kushika kalamu, wa kukaa kitini bila kusinzia. Mtihani ukitoka, mmoja ni wa tatu na mwingine ni wa thelathini, na jioni baba anauliza kwa sauti ya juu, mbele ya wageni, kwa nini usiwe kama mtoto wa jirani. Kabla hujauliza hivyo, itazame miezi. Iwapo mtoto wako ni wa mwisho wa mwaka, tofauti unayoiona leo huenda ni ya kalenda tu, nayo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, mradi nyumbani asiwe amekwisha kuitwa mzito.

Na iwapo ni wa mwanzo wa mwaka, mrefu, hodari, nahodha wa timu ya mtaa, msifu, lakini usimtoe shuleni kwa sababu ya mabao anayowafunga watoto wanaomfika begani. Na yule anayekuja na habari za wakala na safari, akisema kwamba shule itasubiri, mkumbushe Châteauroux: watoto wale walikuwa mabingwa wa Ulaya nzima, wakiwa na umri wa miaka 16 na 17, na bado hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni nani kati yao atakayefika.

Mwanao akichujwa na timu ya vijana, nenda kwa kocha kwa adabu, bila kelele, umwombe akuonyeshe orodha ya waliochaguliwa pamoja na tarehe zao za kuzaliwa. Hesabu mwenyewe. Ukikuta majina kumi na manane, na kumi na mawili ni ya kabla ya mwezi wa Mei, mwulize kama amewahi kuiona hesabu hiyo. Huenda hajaiona. Kisha mwulize ni lini atakapowatazama tena watoto aliowaacha, akutajie mwezi, nawe uuandike kwenye karatasi ile ile.